Mdomo Ulioniazima

Kwako Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko watu wanaojazana mbele ya dirisha lako la mapokezi Jumatatu asubuhi. Mimi ni mzima wa afya, nakula vizuri, nalala vizuri, na kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu kimeshaniaga. Natumai nawe hujambo, na kwamba pale zahanati wamekupunguzia zamu za Jumapili kama walivyoahidi. Mama anaendeleaje na magoti yake? Mfikishie shikamoo yangu, na umwambie sweta aliyonifumia siivui hata kazini, maana ukumbi tunaofanyia kazi una baridi ya friji.

Mchumba wako ndiye aliyekukabidhi barua hii. Mpe kiti, mpe na chai, lakini tafadhali usimuulize kitu kwanza. Nimemwomba asiseme lolote mpaka umalize kusoma, naye amekubali. Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu ipo na tunazungumza kila wiki. Sababu utaikuta mbele. Usirukeruke kurasa kama unavyofanya na magazeti.

Nianze na habari za chuo. Wanafunzi walipofunga mabegi na kwenda makwao, nilidhani hapa patakuwa kama makaburini. Bweni zima tulibaki watu wachache, kantini ikafungua dirisha moja tu, na mtunza bustani akawa anamwagilia maua huku akiimba kwa sauti ambayo siku za masomo hathubutu kuitoa. Kumbe chuo kikuu wakati wa likizo kina uhai wake mwingine. Kila mwaka majira haya huwafungulia watu wa mjini milango. Maktaba inatandaza ramani za zamani mezani, watu wa fizikia wanapandisha darubini juu ya paa ili wageni wautazame mwezi, kwaya inaimba jioni kwenye ngazi za jengo la utawala, na idara yetu ya elimu ya wanyama inafungua ukumbi wa mifupa. Watu wanakuja na watoto wao, na wazazi wao, na vyakula kwenye mabakuli, wanakaa kwenye nyasi ambazo sisi wenye chuo tunakatazwa kuzikanyaga.

Katikati ya ukumbi wetu amesimama farasi mzima, mifupa mitupu, kuanzia fuvu hadi ncha ya mkia. Pembeni kuna makabati ya vioo yenye mafuvu ya wanyama wengine. Msimamizi wa ukumbi ni mama mmoja mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Tunamwita Mama Mifupa, na jina hilo analijua na analipenda. Ndiye uliyempigia simu kabla ya likizo. Ndiyo, Dada, aliniambia. Alisema ulimweleza kwamba mimi ni mchapakazi na nina mkono mwepesi, ila nisiwekwe mbele za watu, nipewe kazi ya chumba cha nyuma. Akanipa mswaki, beseni na sanduku la mbavu, nikawa nasugua vumbi na kubandika lebo mpya. Nilikushukuru kimoyomoyo. Mbavu hazimuulizi mtu kitu.

Kazi ya kuongoza wageni alipewa mwenzangu mmoja ambaye hapa chuoni anaitwa Redio, na sina haja ya kukueleza kwa nini. Redio anaweza kumweleza mtu habari za farasi mpaka mtu akasahau alikotoka. Sasa jioni moja kabla ya milango kufunguliwa akaenda kutazama mpira, timu yake ikashinda, akashangilia mpaka sauti ikakauka kabisa. Asubuhi alikuja amejifunga skafu shingoni, anafungua mdomo hakitoki kitu. Mama Mifupa akamtazama, kisha akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na mswaki wangu. Akasema kwamba huyu hana sauti hata kidogo, na huyu anayo ila inakuja kwa mafungu, na kama ni lazima achague, yeye anachagua mafungu. Nikajaribu kukataa. Kabla sijafika mwisho wa neno la kwanza la kukataa, alikuwa ameshanibandika beji.

Wageni wa kwanza walikuwa mama mmoja na binti zake wawili. Yule mdogo akanyoosha kidole kwenye mguu wa nyuma wa farasi, akauliza kwa nini goti lake limekunjikia nyuma. Swali zuri, na jibu lake ninalijua hata nikiwa usingizini. Unajua nilifanya nini? Niligeuka kushoto. Nilikuwa nakutafuta wewe. Tangu nipate akili zangu, mtu akiniuliza kitu nageuka kushoto, maana huko ndiko unakosimama, na kabla sijapata la kusema wewe umeshasema. Safari hii kushoto palikuwa na kabati lenye fuvu la nguruwe. Lilinikodolea matundu ya macho, halikunisaidia lolote.

Hapo nilikukumbuka mpaka moyo ukaniuma. Nilikumbuka siku yangu ya kwanza shuleni, mwalimu ananiuliza jina, darasa zima linacheka, na wewe unatoka darasani kwako bila ruhusa, unakuja kusimama kando ya dawati langu na kulitaja jina langu kwa sauti ya mwalimu mkuu. Nilikumbuka kwa kinyozi, dukani, kwa daktari. Nilimkumbuka yule jirani aliyeigiza kigugumizi changu akaishia kukimbia na kiatu kimoja. Watu wengine huazimwa mwavuli au suti ya kuvaa harusini. Mimi niliazimwa mdomo, tena mdomo mzuri, na mwenyewe hukuwahi kuudai. Wala sikuwahi kukuambia asante, kwa sababu hata asante uliisema wewe kwa niaba yangu.

Basi nikamgeukia yule mtoto nikaanza kujibu. Neno "kisigino" likanikwama mwanzoni kabisa. Nikalisukuma, likagoma, hali yenyewe unaijua. Nilisubiri wacheke au waondoke. Hawakufanya hata kimoja. Yule mama alitua kikapu chake chini akaegemea nguzo. Binti mdogo akakaa sakafuni, akawa ananitazama kama mtu anayengoja maji yachemke. Nilipofika mwisho, nikawa nimewaambia kwamba lile si goti bali ni kisigino, kwamba goti lenyewe liko juu kule karibu na tumbo, na kwamba farasi maisha yake yote anatembea kwa ncha ya kidole kimoja. Nikawaomba wasimame kwa ncha za vidole waone. Wakasimama wote watatu, wakayumba, wakashikana, wakacheka. Walikuwa wanamcheka farasi, au wanajicheka wenyewe. Mimi hawakunicheka.

Nilichukua muda kuelewa kilichotokea. Ilikuwa likizo, basi, hakuna zaidi. Shuleni kengele inagonga, dukani foleni inasukuma, hospitali daktari anatazama saa, kwa hiyo siku zote niliamini kwamba duniani hakuna mwenye nafasi ya kunisubiri. Hawa walikuwa wametoka majumbani mwao makusudi ili wapoteze muda. Walikuwa na mchana mzima na hawakuwa na pa kuupeleka.

Si kwamba wote walikuwa malaika. Kuna bwana mmoja mwenye kamera kubwa aliyenimalizia kila sentensi, na kila sentensi akaikosea. Nikitaka kusema farasi husinzia akiwa amesimama, yeye ananimalizia kwamba hufa akiwa amesimama. Natikisa kichwa, naanza upya. Mwishowe mkewe akamwambia amwache kijana wa watu aseme, kama anajua sana farasi basi avae yeye ile beji. Nilimpenda mama yule.

Sasa nimfikie huyo aliyekaa hapo mbele yako. Kumbe kampuni yao ndiyo inayohudumia lifti ya jengo letu la sayansi, na kazi hiyo huifanya likizoni wakati hakuna wa kuipanda. Mchana mmoja nilikuwa nawaeleza wageni habari za mbavu, nikamwona amesimama nyuma yao, mikono ina grisi, kofia kwapani. Dada, mimi na yeye tumekaa sebule moja Jumapili nyingi na nilikuwa sijawahi kumwambia neno. Akinisalimu, unaitikia wewe. Akiniuliza habari za masomo, unamweleza wewe, tena vizuri kuliko ninavyosoma. Wageni walipotoka alinialika tule pamoja kwenye ngazi. Akaukata mkate wake nusu kwa nusu, akaniuliza kazi inaendaje. Nikajibu kwa mwendo wangu. Yeye akawa anatafuna na kutazama miti. Nilipomaliza nikamuuliza anawezaje kukaa hivyo bila kuhangaika. Akanijibu kwamba kazini kwao mtu akikwama katikati ya ghorofa huwa havutwi. Anaambiwa kwamba nje kuna mtu, halafu anasubiriwa.

Tangu hapo akawa anakuja kila mchana. Nikamzoea, hata nikamtania kwamba fundi wa lifti anayepanda ngazi kila siku hana imani na kazi yake. Alicheka mpaka akapaliwa. Ndipo siku iliyofuata nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini wewe na yeye hampangi tarehe ya harusi, wakati Mama ameshanunua kitambaa na majirani wameshachoka kuuliza.

Aliweka mkate chini. Hakutaka kusema, nami sikumhimiza. Baadaye akaniambia kwamba kampuni inamhamishia mji mwingine, mbali sana, kwenye majengo mapya. Alikuomba mfunge ndoa muondoke pamoja, ukamwambia bado. Akakuomba tena, ukamwambia bado. Alipokuuliza bado nini, ulimjibu kwamba unampenda, ila huwezi kwenda mbali na mimi, kwa sababu ukiondoka nani atanisemea. Likizo hii ikiisha yeye anahama, na mpaka tunazungumza alikuwa hajui kama anahama na mke au anahama na masanduku.

Sikula tena mchana ule. Kwanza nilikasirika, nikuambie kweli, kwa sababu jambo linanihusu na hakuna aliyeniuliza. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na uchungu na shukrani vimechanganyika hata sijui kipi ni kipi. Dada yangu, unataka kumwacha mtu unayempenda aende zake ili mimi nisikose wa kumweleza kinyozi anikate vipi?

Jioni ile ile nilikupigia simu. Nilitaka kuyasema yote haya. Nikaanza, nikakwama, na wewe kwa huruma yako ukanimalizia kwamba nimeishiwa sabuni. Kabla sijakataa ulikuwa unauliza ya kufulia au ya kuogea. Wiki ile ile sabuni zikafika. Asante kwa sabuni, zinanukia vizuri. Lakini hapo ndipo nilipojua kwamba neno hili kwa simu halitafika. Karatasi huwezi kunimalizia.

Nilijua vilevile kwamba barua peke yake haitoshi. Ungesoma ukasema mdogo wangu ana maneno mazuri kwenye karatasi, siku zote anayo, shida ni mdomoni. Nilihitaji kitu cha kukuonyesha, na cha kujionyesha mimi mwenyewe kwanza.

Siku ya kufunga maonyesho, kila idara hutoa mtu mmoja azungumze mbele ya wageni wote. Sauti ya Redio ilikuwa imesharudi. Mama Mifupa akatuita, akauliza nani atasimama mbele ya farasi. Redio akanyoosha mkono, bila shaka. Mimi pia nikanyoosha. Mama Mifupa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akasema Redio atapanga viti.

Hili ndilo nililokuficha. Ulipopiga siku moja kabla ukauliza kuna jipya gani, nikakuacha umalizie mwenyewe kwamba hakuna. Nilijua nikikuambia utapanda gari la kwanza, utakaa kiti cha mbele upande wa kushoto, na mimi nitageuka. Nilitaka kushoto pabaki na nguruwe peke yake. Unisamehe kwa hilo. Si kwamba sikukutaka. Nilikutaka sana.

Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama katikati ya makabati. Walimu wangu walikaa mstari wa mbele, mtunza bustani alichungulia dirishani na mpira wake wa maji mkononi, na yule mama na binti zake walirudi. Nilizungumza jinsi farasi anavyosinzia bila kuanguka: kwamba miguuni mwake mna kano zinazofunga viungo kama komeo la mlango, na mfupa wa mbele ya goti hunasa mahali pake, hivyo kano na mifupa hubeba uzito wote, misuli ikapumzika. Redio angeyasema yote hayo kwa pumzi moja. Mimi nilikwama hapa na pale, na kwenye neno "komeo" nikakwama hasa. Niliona midomo ya watu inataka kunisaidia. Kiti kimoja kikalia huko nyuma. Nikainua macho nikamwona fundi wako mlangoni, kofia kwapani, anatazama miti ya nje kama siku zote. Sikugeuka kushoto. Nikalirudia neno langu, likatoka, nikaendelea hadi mwisho.

Walipiga makofi, Dada. Yule binti mdogo alisimama kwa ncha za vidole wakati anapiga yake. Mama Mifupa ilibidi aifute tena miwani, na safari hii haikuwa vumbi. Ameniambia muhula ujao niwe naongoza wageni kila Jumamosi. Nilimjibu mwenyewe kwamba nitakuja. Jibu lilichelewa lakini aliningoja nalo.

Sasa lile nililokusudia kukuambia. Ule mdomo ulioniazima nakurudishia. Ulinifaa nilipokuwa sina mwingine, ulinitoa kwenye aibu nyingi, ulinifikisha mpaka chuo kikuu, na nakushukuru kwa kila neno ulilonisemea, hata yale uliyoyakosea. Wangu ni wa polepole, na asubuhi huchelewa kuwaka, lakini nimeutumia likizo nzima na watu wameusikiliza. Hakuna aliyekufa kwa kusubiri.

Wako unauhitaji wewe sasa. Huyo aliyekaa hapo amekuuliza swali, na wewe umemjibu kwa ajili yangu. Kwa ajili yako hujamjibu bado. Ukishaikunja barua hii atakuuliza tena. Usitazame mlango wa chumba changu. Ukitaka kusema hapana, sema hapana, na mimi nitaendelea kumsalimu kama rafiki. Ila iwe hapana yako, au iwe ndiyo yako. Mimi humo nimeshatoka. Na ukihitaji muda wa kulitafuta neno, usiwe na wasiwasi, mtu mwenyewe kazi yake unaijua.

Nisalimie Mama kwa mara nyingine, wasalimie majirani wote na wenzako wa zahanati, na umwambie yule kinyozi wetu ajiandae, nikija nina maelezo marefu kuhusu kichwa changu. Jumapili hii niko nyumbani, Mungu akipenda.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna jambo dogo limebaki. Zamani tukiwa wadogo, shangazi alikuja kututembelea akaniuliza kama natumia sukari kwenye chai. Ukamjibu kwamba situmii. Sikutaka kukuaibisha mbele ya mgeni, nikanywa hivyo hivyo, na tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena. Dada, mimi napenda sukari. Napenda sana. Jumapili nikishakaa kwenye kiti changu, niulize natia vijiko vingapi, halafu unyamaze. Hata chai ikipoa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye shukrani zisizo na mwisho.